Kumtafuta Nyanya Hadi Lokiriama

Harufu ya trela lile naijua hadi leo: godoro la sponji lililopigwa na jua, mafuta ya taa, sabuni ya dawa, na chini ya hayo yote harufu hafifu ya kuku. Kuku walikuwa wametaga humo kwa miaka miwili kabla Baba hajalitia machoni. Lilikuwa nyumba ndogo ya mabati mepesi, iliyotengenezwa kukokotwa na gari, ambayo wapima barabara waliitelekeza nyuma ya gereji aliyofanyia kazi Baba pale Lodwar, mradi wao ulipokatika. Lilikaa juu ya mawe bila magurudumu, mathenge, kichaka cha miiba, ikiwa imeota mpaka madirishani, na sisi watoto wa mtaa tuliogopa kuingia kwa sababu ya nyoka. Mwaka nilipokuwa na miaka kumi, Mama alirudishwa kutoka hospitali ya mbali akiwa na karatasi ambayo Baba aliisoma mara moja, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa shati. Kesho yake jioni alichukua panga akaanza kuikata mathenge ile.

Baba alikuwa fundi wa magari kutoka upande wa Bungoma, aliyekuja Lodwar kutengeneza lori moja na hakurudi tena. Mama, jina lake Akai, alikuwa Mturkana, binti wa wafugaji wa Nakalale, na walikutana akiuza samaki wakavu aliowatoa ziwani Kalokol. Mimi ndiye niliyekuwa mtoto wao wa pekee, Nasimiyu, mwenye jina la kwa Baba na uso wa kwa Mama. Uvimbe ulikuwa umelishika ini la Mama, na mwaka ule ulimkondesha kila mahali isipokuwa tumboni. Alilala barazani kwetu juu ya ngozi, akitazama barabara, na siku moja wakati wa chakula alisema jambo ambalo Baba aliacha kutafuna akalisikiliza. Hakusema anataka kumwona mama yake. Alisema, "Nataka mama anione."

Nyanya yangu hakuwa na simu, na hata kama angekuwa nayo, kule alikokuwa hakukuwa na mtandao. Alihamahama na mbuzi pamoja na mjomba wangu Ekal, na Mama alikuwa hajamwona kwa miaka minne. Kiangazi hicho kilikuwa kibaya. Wafugaji waliokuja mjini kuomba maji kwenye matangi walituambia kwamba mara ya mwisho watu wa Nyanya walionekana karibu na Nakalale, ng'ambo ya Kakuma. Kumpakia mgonjwa yule kwenye lori, katika barabara ya siku zile iliyokuwa mashimo matupu, lilikuwa jambo lisilowezekana. Ndiyo maana Baba alilifufua trela. Kwa wiki tatu alichomea, akapima, akafunga magurudumu, akakwangua kinyesi cha kuku. Kitu cha mwisho alichofanya ni kukata dirisha jipya, chini kabisa, usawa wa kitanda, ili Mama aone nje akiwa amelala. Baba hakuwa mtu wa maneno. Lile dirisha ndilo lililokuwa maneno yake, na Mama alipolala humo mara ya kwanza akageuza shingo akaona miguu ya mbuzi wa jirani ikipita, alicheka hadi akashika tumbo kwa maumivu.

Tuliondoka Lodwar alfajiri, Baba peke yake mbele kwenye pikapu kuukuu, mimi na Mama nyuma ndani ya trela. Baba alikuwa amefunga kamba kutoka dirishani kwetu hadi kwenye kioo cha pembeni cha pikapu. Mama akihitaji kusimama, nilikuwa nivute mara mbili. Kazi hiyo niliibeba kwa uzito mkubwa, nikaishika kamba mkononi hata pale ambapo hapakuwa na haja. Upepo ulikuwa wa moto kama pumzi ya tanuri, na vumbi lilipenya kila ufa, likakaa kwenye kope zetu na kwenye uji. Kupitia dirisha lile la chini niliiona nchi kwa namna ambayo sijaiona tena: mizizi ya migunga iliyoachwa wazi na mchanga, vichuguu vyekundu virefu kuliko nyumba, mizoga ya mbuzi iliyokauka mpaka ikawa haina hata nzi, na nyayo za wanawake waliotembea kandokando ya barabara na mitungi ya plastiki kichwani. Mama alizijua sehemu zote. Hapa alichunga ndama. Hapa waliwahi kukimbia wezi wa mifugo, akiwa mgongoni kwa mama yake. Alipotaja jina la mama yake sauti yake ilikuwa na woga kidogo, kwa kuwa waliachana vibaya. Nyanya hakupenda binti yake avue shanga akae mjini na mtu asiye na mbuzi.

Siku ya kwanza trela lilikwama kwenye laga, mto mkavu wa mchanga, na wachungaji waliotokea nisijue wapi wakatusukuma, mmoja akichungulia dirishani na kumsalimu Mama, "Ejok?" Mama akajibu, "Ejok noi," kwamba yu mzima kabisa. Siku ya pili adhuhuri tuliingia Kakuma. Huko Mama alikuwa na rafiki, mwanamke wa Kikongo aliyeitwa Odeta, mkimbizi aliyekuwa akinunua samaki wake na kuwauza kambini. Baba aliegesha trela kando ya ua wake wa miiba. Odeta alikuwa mkubwa wa mwili, mwenye sauti ya kuongoza kwaya, lakini alipopanda ngazi akamwona Mama alishuka tena mara moja, akasimama nyuma ya trela akashika mdomo. Kisha alipanda upya akiwa anatabasamu. "Akai, dada yangu, umekuya na nyumba yako!" alisema. Alimwogesha Mama kwa maji ya vuguvugu, akamfunga kitenge kipya, akaimba kwa sauti ya chini wimbo wa kanisani kwao. Tulipumzika kwake siku moja. Mama alikula wali kijiko baada ya kijiko, na Baba akasimama mlangoni akihesabu vijiko hivyo kwa macho.

Siku ya nne tulifika Nakalale. Kulikuwa na kisima cha pampu, miti michache, na duka moja la mabati lililouza sukari, tumbaku na betri. Mama alikuwa amelala, amechoshwa na njia. Baba aliliegesha trela mbali kidogo, chini ya kivuli, akanishika mkono tukaenda dukani kuuliza. Mwenye duka alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye shanga nzito shingoni, aliyekuwa akiwapimia watoto wawili sukari kwa kikopo. Baba alieleza tunamtafuta nani. Mwanamke aliweka kikopo chini.

"Mama ya Ekal?" akauliza. "Huyo alikufa."

Baba alivua kofia.

"Miezi mbili sasa. Alilala tu, asubuhi hakuamka. Tulizika yeye pale." Akaelekeza kwa kidevu upande wa milima. "Ekal alichukua mbuzi ile ilibaki, akaenda upande ya Uganda. Nyinyi ni watu yake?"

"Mke wangu ni binti yake," Baba alisema.

Mwanamke alitazama lile trela kule kivulini, akanitazama mimi, kisha akafungua kopo la peremende akanipa moja. Niliifumbata mkononi mpaka ikayeyuka. Nakumbuka kwamba sikumlilia Nyanya, kwa sababu nilikuwa nimemwona mara mbili tu maishani. Nilichokuwa nikifikiria ni namna tutakavyorudi hadi kwenye lile trela, hatua kama hamsini za mchanga, na kitakachotokea tukifika. Baba alitembea polepole sana. Katikati ya njia alichuchumaa mbele yangu, kitu ambacho hakuwahi kufanya, akanishika mabega kwa mikono yake yenye grisi isiyotoka.

"Mama yako asisikie," alisema. "Si leo. Umeelewa?"

"Tutamwambia nini?"

Alifikiri. Niliona anavyofikiri, macho yakienda huku na huku kama anayetafuta spana. "Tutasema Nyanya amehamia Lokiriama, kwa mama yako mkubwa. Huko ndiko tutakakompeleka. Angalau atamkuta dada yake."

Kwa hiyo Mama alipoamka, Baba alisimama mlangoni akasema uongo ule kwa sauti yake ya kawaida, akiwa amemtazama miguuni. Lokiriama iko upande mwingine kabisa, magharibi ya Lodwar, karibu na mpaka wa Uganda. Ilimaanisha kurudi njia yote tuliyokuja kisha kuanza safari nyingine. Nilidhani Mama atakata tamaa. Badala yake alijiinua kwa kiwiko. "Amekwenda kwa Nakiru," alisema, akilitaja jina la dada yake. "Basi ni vizuri. Huko kuna maji." Akaomba uji.

Tuliporudi Kakuma, Odeta alijua kabla hajaambiwa. Alimsubiri Baba nyuma ya ua, na mimi nilikuwa nimekaa pale nikiosha vyombo, hivyo nilisikia yote. Baba alimweleza kwa maneno machache. Odeta alitikisa kichwa kwa muda mrefu.

"Baba Nasimiyu, mutu hafichwi kifo ya mama yake," alisema.

"Anakula. Umemwona anakula. Nikimwambia ataacha."

"Ataacha, njo vile. Lakini atakuwa amelia. Miye walinificha kifo ya bwana yangu mwezi muzima, juu niko na mimba. Walifikiri wananisaidia. Ule mwezi nilikuwa nacheka na watu, nacheka tu, na yeye iko ndani ya udongo. Sijawasamehe mpaka leo."

"Kesho," Baba alisema. "Nitamwambia kesho."

"Si miye njo nitasema," Odeta alijibu. "Ni wewe." Kisha akanigeukia mimi niliyekuwa na sufuria mapajani, akanitazama kwa huruma iliyonitia hofu kuliko ukali. Asubuhi tulipoondoka alimbusu Mama mashavuni mara tatu, na alipomaliza hakusubiri tuondoke. Aliingia nyumbani kwake akafunga mlango.

Kesho ile haikuja. Kulikuwa na tairi lililopasuka, na siku nyingine joto lililomzuia Mama kupumua, na siku nyingine Mama alikuwa na furaha kiasi kwamba hata mimi nilimwomba Mungu Baba asiseme. Ukweli ni kwamba Mama alichangamka njia ile ya kurudi. Alitaka nimsuke nywele ili mama yake asimkute kichwa kikiwa ovyo. Alitaka nimkumbushe kununua tumbaku Lodwar, kwa kuwa mtu haendi kwa mama yake mikono mitupu. Na alitaka kujua kila kitu kilichosemwa pale dukani, kwa sababu mimi nilikuwepo na yeye alikuwa amelala.

"Yule mwenye duka alimwona Nyanya akiondoka?" aliniuliza, siku ya saba, trela likiyumba na vyombo vikigongana juu yetu.

"Ndiyo, Mama."

"Nyanya alisema nini?"

Ningeweza kujibu kwamba sijui. Nimejirudia swali hilo miaka mingi: kwa nini sikusema tu kwamba sijui? Nadhani ni kwa sababu alikuwa amegeuza uso wote kunitazama, na ulikuwa uso wa mtu anayesubiri kupewa kitu. "Alisema ukifika atakuwa amekuwekea maziwa," nilisema.

"Maziwa? Kiangazi hiki? Ya mbuzi gani?"

"Kuna mmoja amezaa."

"Wa rangi gani?"

"Mweupe. Masikio meusi."

Mama alilaza kichwa, akatabasamu kwa dari. Akaanza kunisimulia mbuzi wake wa utotoni aliyekuwa na masikio kama hayo, kwamba huyu lazima awe wa uzao wake, na kwamba Nyanya hakumpa tu mtu yeyote maziwa yake. "Basi hana hasira tena na mimi," alisema. Kuanzia hapo kila siku aliuliza zaidi, na kila siku niliongeza. Nilimpa Nyanya fimbo mpya. Nilimpa kikohozi kidogo, kisha nikakiponya. Nilimfanya aulize kama bado Mama anapenda matunda ya mikoma. Nilikuwa mtoto wa shule aliyesifiwa kwa insha, na sasa nilikuwa na msikilizaji aliyekula uji wangu wote nikisimulia. Wakati mwingine nilijisahau mimi mwenyewe nikaanza kumwona bibi kizee yule akitembea mbele yetu na mbuzi wake, anapunguza mwendo ili tumfikie. Kisha nilikumbuka kidevu cha yule mwanamke kikielekea milimani, nikaishika tena kamba.

Tulipita Lodwar bila kulala. Baba alisimama kutia mafuta na kununua maji, na kutoka pale kituoni tuliiona nyumba yetu, mlango wa buluu na kamba ya nguo ikiwa tupu. Alikuja mlangoni mwa trela. Niliona kwamba alitaka kusema. Alikuwa amevua kofia. "Akai," alianza, "unaonaje tupumzike nyumbani? Siku chache tu. Halafu..."

"Tumbaku umenunua?" Mama aliuliza.

"Bado."

"Nunua, twende."

Baba alisimama pale na kofia yake mkononi. Kisha alikwenda akanunua tumbaku, kipande kikubwa kilichofungwa kwa gazeti, akamkabidhi Mama, naye akakiweka chini ya mto. Sijawahi kumwona mtu akitembea kwa uzito kama alivyotembea Baba kurudi kwenye pikapu ile.

Barabara ya Lokiriama ilikuwa mbaya kuliko ile ya kwanza, na baada ya Lorugum ikawa njia ya magurudumu mawili tu kati ya mawe na miiba. Mama aliacha kula siku ya kumi. Ngozi yake iligeuka manjano, macho pia, na alilala zaidi ya alivyokuwa macho. Alipozinduka aliuliza jambo moja tu, kama bado ni mbali, nami nikajibu kwamba si mbali, na hilo angalau lilikuwa kweli. Milima ya mpakani ilikuwa imeanza kusimama mbele yetu, ya buluu, na hewa ilikuwa na ubaridi kidogo. Siku ya kumi na moja, kama saa tisa alasiri, tuliingia Lokiriama. Baba alimtuma mtu wa kwanza aliyemkuta sokoni akamwite mama mkubwa Nakiru. Sijui alifikiria nini. Pengine alitumaini atamwahi pembeni, amwombe naye anyamaze.

Hakumwahi. Nakiru alikuja mbio kutoka upande wa nyuma, ambako Mama alikuwa akitazama kupitia lile dirisha la chini. Niliiona kwanza miguu yake, kisha akainama kutazama ndani, na uso wake ukajaa dirisha zima. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa chote. Shingo yake, ambayo kwenye picha moja tuliyokuwa nayo nyumbani ilizibwa na shanga kutoka kidevuni hadi mabegani, ilikuwa tupu, ngozi ya pale ikiwa nyeupe kuliko mwili wote. Mturkana yeyote anayeona kichwa na shingo namna ile hahitaji kuambiwa kwamba kuna msiba.

Mama alimtazama dada yake. Hakupiga kelele. Kisha aligeuza kichwa polepole juu ya mto, macho yakampita Baba aliyesimama mlangoni akitweta, akanitazama mimi. Sidhani alinitazama kwa zaidi ya pumzi mbili. Nilikuwa bado nimeishika ile kamba. Niliteremka kwenye trela nikaingia uvunguni mwake, kati ya magurudumu, na kutoka pale nikasikia sauti yake juu ya mbao, ndogo lakini safi, akiongea Kiswahili ili Baba asikose hata neno.

"Mmeninyima kumlilia," alisema.

Halafu akamlilia. Walilia pamoja yeye na Nakiru, kwa Kiturkana, mpaka jua lilipogusa milima, na wanawake wengine wakaja wakakaa nje ya trela wakiitikia. Asubuhi Mama aliomba wembe. Baba alisema hana nguvu za kukaa, naye akasema, basi nishikeni. Nakiru alimnyoa pale kwenye ngazi ya trela, huku Baba amemwegemeza kifuani, na misuko ile niliyomsuka mimi ikaanguka mmoja mmoja kwenye mchanga. Tumbaku iligawiwa kwa kila aliyekuja kuomboleza. Baba hakujitetea. Alifanya alichoambiwa, akaleta maji, akakata kuni, na nilimwona mara moja nyuma ya pikapu ameweka paji la uso kwenye bati la moto na haondoi.

Mimi nilikaa uvunguni siku mbili. Nilitoka kula na kurudi. Siku ya tatu Nakiru alinivuta mkono, akasema, "Mama anaita wewe." Mama alikuwa amelazwa upande, kichwa chake kidogo kama cha mtoto. Alinyoosha kikopo cha mafuta. "Nisugue miguu," alisema. Nilimsugua. Miguu ilikuwa imevimba, na vidole vyangu viliacha vishimo ambavyo vilichelewa kujaa. Nilisubiri aseme jambo kuhusu mbuzi na maziwa, nikiwa nimejiandaa kulia. Niliumaliza mguu wa pili.

"Usiniambie uongo tena," alisema.

"Sitakuambia."

"Hata mmoja."

"Hata mmoja, Mama." Ndipo akauliza, "Ninakufa?" Nikasema, "Ndiyo." Akafumba macho akaniambia niendelee kusugua. Hakusema amenisamehe, wala hakusema ana hasira. Alifariki siku mbili baadaye, adhuhuri, upepo ukivuma na mchanga ukipiga mabati. Tulimzika Lokiriama, mbali na mama yake, na mbali na nyumbani kwetu pia.

Trela tuliliacha hukohuko. Nakiru alifungia watoto wa mbuzi humo kwa miaka, hadi mchwa walipokula sakafu. Mimi na Baba tulirudi Lodwar kwa siku moja tukiwa tumekaa wote mbele, na kiti kile kilionekana kikubwa mno kwa watu wawili. Hakusema lolote mpaka tulipouona mto Turkwel. "Nilitaka tu afike," alisema. Nilikuwa na miaka kumi na nilimchukia, na nilijichukia mwenyewe, na hakukuwa na mtu mwingine duniani ambaye ningeweza kumweleza.

Sasa mimi ni muuguzi Kakuma. Barabara ile ya siku mbili kutoka Lodwar imewekwa lami, na gari dogo huimaliza kabla chai ya chupa haijapoa. Odeta alihamishiwa nchi ya mbali zamani, sina habari zake. Karibu kila wiki mtu hunivuta pembeni wodini, awe Mturkana, Msomali, Mrundi au afisa kutoka mikoa ya kusini, na kuninong'oneza, sista, mgonjwa asijue. Ninawaelewa wote. Huwa nawauliza tu ni nani atakayekuwa amekaa karibu naye siku atakapojua, na wengi hawakuwa wamelifikiria hilo. Sisemi kwamba Baba alikosea kabisa. Ule uji wote aliokunywa Mama njiani ulikuwa uji wa kweli, na nilimwona akicheka. Lakini tulimficha siku saba, na siku saba ni nyingi kwa mtu aliyebakiwa na chache hivyo.

Baba bado yuko Lodwar, mzee sasa, moyo wake si mzuri. Mwaka jana binamu yangu alinipigia simu asubuhi kutoka Bungoma. Kaka yake Baba, ambaye walizaliwa naye wawili tu, alikuwa amefariki. "Sisi tumeonelea mzee asiambiwe kwanza," binamu alisema. "Unajua hali yake. Wewe ni muuguzi, unaelewa." Nilimwambia kwamba nimesikia. Nikaomba ruhusa kazini, nikabeba dawa zake za moyo na kipimo cha presha, nikapanda gari la kwanza. Nilimkuta amekaa barazani na glasi ya chai. Nilimpima kwanza, kisha nikavuta kiti mpaka magoti yetu yakagusana, nikamwambia.

Aliweka glasi ya chai sakafuni. Mikono yake, ambayo grisi imekwisha kutoka kabisa tangu alipostaafu, aliiweka juu ya mapaja.

"Wewe uliambiwa saa ngapi?" aliniuliza.

"Saa mbili asubuhi. Nikiwa Kakuma."

Alitazama saa ya ukutani kupitia mlango uliokuwa wazi. Ilikuwa saa tano kasoro.

"Umekuja moja kwa moja," alisema.

"Moja kwa moja, Baba."

Alitikisa kichwa, akavua miwani yake akanipa nimshikie, kisha akalia kwa sauti hadi majirani wakatoka nje.